Printa ipo, jina halipo: kurekebisha ruta ya nyumbani na majina ya vifaa vyake

Intaneti inafunguka, video zinacheza, lakini ukiandika jina la printa au la DVR ya kamera, kompyuta inadai haikijui kifaa hicho. Kabla ya kugusa mpangilio wowote, andika namba ya kifaa (anwani yake ya IP) kwenye kivinjari, kwa mfano http://192.168.0.20/. Ikifunguka, njia ipo na tatizo liko kwenye majina. Mafungu matatu ya kwanza ya namba hiyo yakifanana na ya kompyuta yako, ruka sehemu ya ruta mbili; yakitofautiana, isome. Isipofunguka, acha majina kwanza. Kazi ya jina ni kukuletea namba, na namba yenyewe isipofikika, hata jina likipatikana halitakufikisha popote.

Namba ya printa iko kwenye menyu yake ya mtandao, au kwenye karatasi ya mipangilio ambayo printa nyingi huweza kuichapisha zenyewe. Ya DVR iko kwenye menyu yake, sehemu ya Network. Vifaa visivyo na skrini vitafute kwenye ukurasa wa ruta, mahali palipoandikwa "DHCP Client List" au "Attached Devices". Ukikuta kifaa kina namba inayoanza na 169.254, maana yake kiliomba anwani na hakuna aliyekijibu, kikajipachika yake. Hapo kagua waya, nenosiri la Wi-Fi, au DHCP (huduma ya ruta inayogawa anwani) iliyozimwa.

Ruta mbili ndani ya nyumba moja

Hili ndilo chanzo cha shida nyingi, na watu hawalioni kwa sababu intaneti inaendelea kufanya kazi vizuri kabisa. Kampuni ya intaneti inakuwekea kisanduku cha faiba, mara nyingi Huawei au ZTE. Kisanduku hicho tayari ni ruta kamili yenye Wi-Fi. Mawimbi hayafiki chumba cha nyuma, basi unanunua TP-Link au Tenda, unatoa waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la kisanduku na kuuchomeka kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti) la ruta mpya. Sasa una mitandao miwili. Kisanduku kinagawa labda 192.168.100.x, ruta mpya inagawa 192.168.0.x. Printa imejiunga na Wi-Fi ya kisanduku, kompyuta iko kwenye ruta mpya.

Dalili yake ni kwamba njia inapitika upande mmoja tu. Kompyuta iliyo nyuma ya ruta mpya inaweza kufungua printa iliyo kwenye kisanduku kwa namba, kwa kuwa kwake hiyo ni safari ya kwenda nje kama ya kwenda kwenye tovuti yoyote. Aliye kwenye kisanduku hawezi kuingia kwenye vifaa vya ruta mpya. Na miito ya kutafuta vifaa kwa majina haivuki ruta kwa upande wowote.

Kuthibitisha ni kazi ya dakika moja. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika

ipconfig
tracert -d 8.8.8.8

Linganisha tarakimu za kompyuta na za printa. Mafungu matatu ya kwanza yakitofautiana, na barakoa ya mtandao (Subnet Mask) ni ile ya kawaida ya 255.255.255.0, vifaa hivyo havipo mtandao mmoja. Kwenye tracert, mistari miwili ya kwanza ikiwa yote inaanza na 192.168, umepita ruta mbili zako mwenyewe. Lakini mstari wa pili ukiangukia kati ya 100.64 na 100.127, hiyo ni mitambo ya kampuni ya intaneti inayogawana anwani moja ya nje kati ya wateja wengi. Haihusiani na printa yako, iache.

Dawa ni kuifanya ruta mpya iwe kituo cha Wi-Fi tu. Ruta nyingi za miaka ya karibuni zina ukurasa wa "Operation Mode". Chagua "Access Point", ihifadhi, iwake upya, umemaliza. Isipokuwa nayo, fuata mpangilio huu bila kuugeuza:

1. Kwenye kisanduku cha faiba, angalia DHCP inagawa kuanzia namba gani. Kama inaanza na 192.168.100.2, ibadili ianzie 192.168.100.50, ili upate nafasi ya namba za kudumu chini yake.
2. Chomoa waya unaounganisha ruta mbili. Unganisha kompyuta kwenye tundu la LAN la ruta mpya kwa kebo.
3. Badili anwani ya LAN ya ruta mpya iwe 192.168.100.2, barakoa 255.255.255.0. Ruta itawaka upya, nawe utaingia tena kwa anwani hiyo mpya.
4. Sasa zima DHCP ya ruta mpya. Ukiizima kabla ya hatua ya 3, kompyuta yako itabaki bila anwani na ukurasa utakukatikia katikati ya kazi.
5. Rudisha waya, lakini safari hii uchomeke kwenye tundu la LAN la ruta mpya. Tundu la WAN libaki tupu.

Ukisahau hatua ya 4, DHCP mbili zitagombea wateja. Anayewahi kujibiwa na ruta mpya atapewa 192.168.100.2 kuwa lango lake, na huko hakuna intaneti. Matokeo ni simu moja kupata na nyingine kukosa, halafu kesho zinabadilishana. Na usiunganishe waya wa pili kati ya vifaa hivyo viwili ukidhani unaongeza kasi. Pakiti zitazunguka bila kikomo, taa zote zitawaka na kuzimika kwa pamoja, na mtandao mzima utaganda hadi uchomoe mmoja.

Mgongano mwingine hutokea ruta zote mbili zikiwa zimetoka kiwandani na 192.168.1.1. Baadhi ya ruta huligundua hilo na kujibadilishia anwani zenyewe, ndiyo maana anwani uliyoizoea ghafla haifunguki. Andika ipconfig tena uangalie "Default Gateway", hiyo ndiyo anwani ya ruta kwa sasa.

Kama ruta ni moja na bado vifaa havionani, angalia mambo mawili: mmoja yuko kwenye Wi-Fi ya wageni, au kuna alama ya tiki kwenye "AP Isolation" ambayo kazi yake hasa ni kuzuia wateja wa Wi-Fi wasionane.

Nani anatakiwa kujibu

Watu hufuta kache (majibu ya zamani yaliyohifadhiwa), huwasha ruta upya, hubadili jina la kompyuta mara tatu, kumbe hawajajiuliza swali la msingi: jina hili linajibiwa na nani? Nyumbani kuna wajibuji watatu, na kila mmoja ana kanuni zake.

Wa kwanza ni ruta. Kifaa kinapoomba anwani kwa DHCP hutaja na jina lake. Ruta yenye uwezo huo hulikumbuka, na mtu akiuliza kwa DNS (mfumo wa kugeuza majina kuwa namba) humjibu. Majina yake huwa na mkia uliowekwa kwenye ruta, kwa mfano printa.lan kwenye OpenWrt (programu huru ya kuendeshea ruta).

Wa pili ni kifaa chenyewe, kwa mfumo wa mDNS uliosanifiwa mwaka 2013. Majina yake yanaishia na .local. Kompyuta inapaza swali kwa vifaa vyote vya mtandao huo kupitia 224.0.0.251, poti ya UDP 5353, na mwenye jina anajibu mwenyewe. Ruta haihusiki kabisa. Vifaa vya Apple vina mfumo huu tangu kiwandani, Linux hutumia Avahi, na printa nyingi za Wi-Fi zinao.

Wa tatu ni njia za zamani za Windows: LLMNR kwenye poti ya UDP 5355 na NetBIOS kwenye 137. Hizi ndizo zinazofanya \\DUKA-PC ifunguke kati ya Windows mbili bila ruta kujua lolote. NetBIOS hubeba herufi 15 tu, kwa hiyo jina refu hukatwa.

Juu ya hao watatu kuna faili la hosts ndani ya kompyuta yenyewe. Tutalifikia.

Kumjua anayejibu, tumia amri tatu na uzitofautishe (badala ya 192.168.1.1 weka anwani ya ruta yako):

nslookup printa.lan. 192.168.1.1
ping printa.local
ping printa

nslookup huuliza DNS peke yake. Haisomi faili la hosts wala haipazi sauti ya mDNS. Hiyo nukta ya mwisho baada ya lan si kosa la uchapaji, inaizuia Windows isiongeze mkia mwingine juu ya jina ulilotaja. ping hupita njia zote za mfumo. Kwa hiyo ping ikipata namba na nslookup ikakosa, jina linajibiwa na kifaa chenyewe au na hosts, na ruta hailijui. Kwenye ping tazama namba iliyo kwenye mstari wa kwanza tu, usijali kama majibu yanarudi au la. Windows iliyowekewa mtandao wa aina ya Public kwa kawaida haijibu ping, na hilo halina uhusiano na jina.

Jibu la nslookup nalo lisome vizuri. "Non-existent domain" maana yake umefika kwa mtu akakwambia halijui jina hilo. "DNS request timed out" maana yake hakuna aliyekujibu, ama anwani ya seva si sahihi au poti 53 imefungwa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu lingine.

Jina kamili likifunguka lakini jina fupi likakataa, kilichokosekana ni mkia tu. Andika ipconfig /all, tazama "Connection-specific DNS Suffix". Ikiwa tupu, jaza "Domain" au "Local domain" kwenye ukurasa wa DHCP wa ruta, kisha kata Wi-Fi na uunganishe tena.

Ile 8.8.8.8 ya pili

Ushauri unaosambaa sana unasema: DNS ya kwanza weka ruta, ya pili weka 8.8.8.8 ya Google ili ikusaidie ruta ikishindwa. Kwa intaneti ya kawaida hakuna madhara. Kwa majina ya nyumbani ni sumu.

Seva ya pili haiulizwi kwa sababu ya kwanza imesema "silijui". Inaulizwa pale ya kwanza inapochelewa au inaponyamaza. Na ikishaulizwa, jibu lake ni la mwisho. Google haiwezi kujua printa.lan ya kwako, itajibu kwamba jina hilo halipo duniani, na kompyuta itaamini na kulihifadhi jibu hilo kwa muda. Zaidi ya hapo, baadhi ya mifumo, systemd-resolved ya Linux ikiwemo, ikishahamia seva ya pili hubaki nayo hadi nayo ishindwe. Ndiyo maana jina linafanya kazi asubuhi, linakufa mchana, halafu ukiwasha upya kompyuta linarudi.

Rekebisha hivi. Kwenye ukurasa wa DHCP, DNS iwe anwani ya ruta peke yake, nafasi ya pili iwe tupu. Hizo 8.8.8.8, au 1.1.1.1 ya Cloudflare, zipeleke kwenye ukurasa wa WAN au Internet. Hapo ruta ndiyo itakayoziuliza kwa niaba yenu, na mambo ya ndani itayajibu yenyewe. Kagua pia kompyuta yenyewe: fundi aliyepita huenda aliandika 8.8.8.8 kwa mkono kwenye kadi ya mtandao, na hiyo huipiku DHCP.

IPv6 (mfumo mpya wa anwani ndefu) nayo huleta janga la aina hiyohiyo kimyakimya. Kisanduku cha faiba kinaweza kutangaza seva ya DNS ya kampuni kwa IPv6, vifaa vikaiuliza hiyo na kuiacha ruta. Ukiona mstari wa "DNS Servers" kwenye ipconfig /all una anwani ndefu yenye nukta pacha ambayo si ya ruta yako, umempata mhalifu. Zima utangazaji wa DNS kwenye ukurasa wa IPv6 wa LAN, au uweke anwani ya ruta.

Ruta isiyojibu majina

Ukweli ni kwamba ruta nyingi za bei nafuu na visanduku vingi vya kampuni havijibu majina ya ndani hata kidogo. Orodha ya wateja utaiona na majina yao yamepangwa vizuri, lakini orodha hiyo ni ya kutazama tu, haijaunganishwa na DNS. Hapo usipoteze muda kutafuta mpangilio ambao haupo. Tumia .local, au weka ruta inayoweza.

Kwenye OpenWrt kazi hii inafanywa na dnsmasq, na majina hufanya kazi bila kugusa chochote. Tatizo linajitokeza umeme ukikatika. Orodha ya waliopewa anwani iko /tmp/dhcp.leases, yaani kwenye RAM, kwa hiyo ruta ikizimika imesahau kila mtu. Kifaa kilicho kwenye UPS (betri ya akiba) kupitia swichi hakikuzimika wala hakikuona waya ukikatika, hivyo hakina sababu ya kuomba upya. OpenWrt hutoa anwani kwa saa 12 na kifaa hurudi kuomba nusu ya muda ikifika, kwa hiyo jina linaweza kupotea hadi saa 6 huku kifaa kikiwa hai. Upande wa pili, kuna printa zinazowaka haraka kuliko kisanduku cha faiba, zikiomba anwani hakuna wa kuzijibu, zinaishia na 169.254. Hizo zizime na kuziwasha baada ya intaneti kurudi.

Tiba ya kudumu ni kutenga anwani na kuandika jina ndani ya ruta ya OpenWrt, ukitumia MAC ya kifaa chako (namba ya kadi yake ya mtandao):

uci add dhcp host
uci set dhcp.@host[-1].name='printa'
uci set dhcp.@host[-1].mac='AA:BB:CC:DD:EE:FF'
uci set dhcp.@host[-1].ip='192.168.1.20'
uci set dhcp.@host[-1].dns='1'
uci commit dhcp
service dnsmasq restart

Mstari wa dns='1' usiuache. Bila huo jina litajibiwa pale tu kifaa kikiwa kimeshaomba anwani, na utakuwa umerudi palepale.

Ruta ya MikroTik kwa kawaida haipeleki majina ya DHCP kwenye DNS, unayaandika mwenyewe:

/ip dns set allow-remote-requests=yes
/ip dns static add name=printa.home.arpa address=192.168.88.20
/ip dhcp-server network set [find] dns-server=192.168.88.1 domain=home.arpa

Amri ya kwanza inaifanya ruta ijibu DNS kwa yeyote anayeifikia. Ulinzi uliokuja na ruta huzuia wanaotoka nje, lakini kama uliufuta, funga poti 53 ya UDP na TCP upande wa WAN kabla ya kuendelea, la sivyo ruta yako itatumiwa kushambulia wengine.

Mkia wa majina chagua home.arpa, uliotengwa rasmi kwa nyumba mwaka 2018, au lan iliyozoeleka. Usiweke .local kwenye ruta. Mifumo mingi ikiona .local hupaza mDNS badala ya kuuliza ruta, na majina yako yatafanya kazi kwenye kifaa kimoja na kukataa kwenye kingine. Ndani ya jina tumia herufi, tarakimu na kistari tu. "Printa_ya Mama" haitafika popote.

.local isipojibu

Vifaa viwili vikidai jina moja, mmoja hujiongezea namba: raspberrypi.local ya pili inakuwa raspberrypi-2.local. Wape majina tofauti mapema. Kwenye Windows, mtandao wa nyumbani uwekwe Private. Kwenye Debian na Ubuntu hakikisha avahi-daemon na libnss-mdns vipo, na mstari wa hosts ndani ya /etc/nsswitch.conf una mdns4_minimal kabla ya dns. Simu za Android za zamani hazielewi .local, kwa hizo tumia namba au jina linalojibiwa na ruta.

Simu na vivinjari vina ukaidi wao. Android tangu toleo la 9 ina "Private DNS". Ukiijaza jina la seva ya nje, maswali yote yanaipita ruta. Iweke "Automatic" au "Off". Vivinjari vya Chrome na Firefox vina mpangilio wa DNS salama, nao ukichagua mtoa huduma mahususi, jina linaweza kukataa kwenye kivinjari huku ping ikilipata bila shida. VPN ni hivyohivyo. Tena, Android tangu 10 na iPhone tangu iOS 14 hujificha kwa MAC ya kubuni kwa kila Wi-Fi, kwa hiyo anwani uliyoitenga kwa MAC halisi haitashika. Zima uficho huo kwa mtandao wa nyumbani tu.

Na kosa dogo linalosumbua wengi: ukiandika "printa" peke yake kwenye kivinjari, unapelekwa kutafuta Google. Andika http://printa/ na mkwaju wake wa mwisho.

Baada ya kila badiliko futa kache, vinginevyo utakuwa unapima jibu la jana. Windows: ipconfig /flushdns. Linux yenye systemd-resolved: resolvectl flush-caches. Mac:

sudo dscacheutil -flushcache; sudo killall -HUP mDNSResponder

Likishindikana lote, andika jina kwenye faili la hosts: C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts kwa Windows, /etc/hosts kwingineko. Mstari ni namba, nafasi, jina: 192.168.0.20 printa. Fungua Notepad kama msimamizi, na ukihifadhi hakikisha haijaongeza .txt, maana hosts.txt haisomwi na mtu. Tenga namba hiyo kwenye ruta kwanza, kwa sababu hosts haifuatilii mabadiliko. Siku nslookup ikikuletea namba moja na ping nyingine kwa jina lilelile, anza kwa kufungua faili hili utafute mstari uliosahauliwa.